Kidirisha cha Stesheni ya Nne

Siku ya tatu tangu treni ianze tena kusimama Stesheni ya Nne, mkata tiketi alifungua chumba cha kusubiria abiria asubuhi na mapema, akakuta benchi limefutwa vumbi mahali pamoja tu, upana wa mtu mmoja. Kwingine kote vumbi la chokaa lililoachwa na wapaka rangi lilikuwa limetulia vilevile kama jana yake. Mlango alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo ulilala chini ya mto wake. Alilitazama lile doa safi, akajiambia kwamba labda ni paka, kisha akachukua kitambaa akafuta benchi zima ili asilione tena.

Watu walimwita Mama Tiketi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya madirisha ya stesheni kuu ya mjini, ambako watu husukumana na kutukanana na kuombana radhi kutwa nzima. Mumewe, fundi wa njia ya reli, alikuwa na miaka minne kaburini. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa za haraka, kama za mtu aliyeacha sufuria motoni. Kwa hiyo shirika la reli lilipotangaza kwamba njia ya kwenda vitongojini, iliyokufa miaka ishirini na sita, itafufuliwa kwa majaribio ya miezi sita, na kwamba wanatakiwa wafanyakazi wa kuhamia hukohuko, yeye aliinua mkono wakati wenzake bado wanacheka. Alidhani upweke wa mahali patupu ungekuwa mwepesi kuliko upweke wa katikati ya watu.

Watu wa vitongojini waliipokea treni kama mgonjwa aliyepona. Walikuwa wamechoka kuamka saa kumi alfajiri ili wakakae barabarani kwenye foleni ya magari. Sasa, asubuhi, treni mbili ziliwapeleka mjini, na saa tano ikapita moja ikitoka mjini. Jioni, saa kumi na moja na robo, treni iliwarudisha, ikaendelea mpaka mwisho wa njia, ikageuka, ikapita tena saa kumi na mbili na nusu ikirudi mjini karibu tupu. Katikati ya treni hizo mbili za jioni palikuwa na muda wa saa moja na zaidi ambapo stesheni haikuwa na mtu. Abiria walikwisha kwenda zao, upepo ukabaki ukichezea kipande cha bati kwenye paa, na Mama Tiketi akabaki na saa ya ukutani.

Kidirisha chake kilijengwa na watu wa zamani, na walikijenga chini mno. Kioo kilipakwa rangi nyeupe, chini yake pakaachwa tundu la nusu duara. Aliyekaa ndani hakuona sura ya mtu, aliona mikono tu. Baada ya wiki moja Mama Tiketi alikuwa anawajua abiria wake kwa mikono yao: muuguzi mwenye kucha fupi zilizokauka kwa dawa, seremala aliyekosa ncha ya kidole cha shahada, mwanafunzi mwenye wino kiganjani.

Mtu mmoja tu alimwona uso kwa uso. Gadi wa treni alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, jamaa mrefu mwenye filimbi shingoni na maneno yasiyokwisha. Treni ikisimama, yeye huruka jukwaani kabla ya abiria.

"Shemeji, hujapata mume bado huku porini?"

"Nimepata. Ana adabu kukushinda, hapulizi filimbi masikioni mwa watu."

"Mlete nimkague. Asiye na tiketi hapandi."

Atacheka, atapuliza filimbi, ataruka ndani, na treni itaondoka naye akiwa bado anacheka. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili jioni. Kwa siku nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake pekee yasiyohusu nauli.

Jumatatu ya wiki ya pili, treni ya saa kumi na moja na robo ilikuwa imekwisha kupita. Mama Tiketi alikuwa amevua viatu chini ya meza, akisugua kisigino kimoja kwa kingine, aliposikia kokoto zikilia. Zilikuwa hatua za mtu, taratibu, na zilitoka upande wa relini, ambako hakukuwa na njia wala nyumba, ila vichaka tu. Zikapanda jukwaani. Zikasimama mbele ya kidirisha. Ikaja na harufu, kama ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

"Leo miguu vipi?" sauti ikauliza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Mama Tiketi aliacha kusugua kisigino. Marehemu mumewe alimwuliza hivyo kila jioni ya ndoa yao, kwa sababu alijua kazi ya kusimama na kukaa na kusimama inavyomaliza miguu. Tangu afe, hakuna aliyeuliza.

"Inauma," akajibu, kabla hajajua kwamba anajibu.

"Pole. Sakafu ya humo ni ya baridi tangu zamani."

"Unakwenda wapi? Treni ya mjini bado saa nzima."

"Siendi popote. Nimekuja kukaa tu."

Mikono miwili ilitua kwenye ubao wa kidirisha. Ilikuwa mizuri, mikono ya mtu mzima asiyeosha vyombo, bila pete. Mama Tiketi aliinama ili aione sura, na alipoinama mikono ikaondoka. Akatoka nje bila viatu. Jua lilikuwa bado halijazama, mtu angeweza kuona mpaka kwenye kona ya reli. Jukwaa lilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hakumwambia mtu. Kesho yake, treni ilipopita, alijikuta amevua viatu mapema na kunyamaza ili asikie kokoto. Zikalia. Keshokutwa pia. Yule wa kidirishani aliuliza mambo madogomadogo: kama amepata usingizi, kama bati la juu bado linagonga, kama binti amepiga simu. Akijibiwa, husikiliza mpaka mwisho. Mama Tiketi hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomsikiliza mpaka mwisho. Alimsimulia habari za ugonjwa wa mumewe, usiku wa hospitali, jinsi alivyorudi nyumbani na viatu vya marehemu ndani ya mfuko wa plastiki akakosa pa kuviweka. Siku nyingine walinyamaza pamoja, yeye ndani, yule nje.

Siku ya tisa alimimina chai katika vikombe viwili, akasukuma kimoja chini ya kioo.

"Kunywa, mwenzangu. Kuna baridi."

Mkono ulifunguka kupokea, kiganja juu, na taa ya mezani ikakimulika. Kiganja kile hakikuwa na mstari hata mmoja. Vidole havikuwa na vifundo. Kilikuwa laini, chote, kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Kikombe kikaondoka, na alipokipata baadaye kwenye benchi la ndani, katika chumba alichokifunga kwa ufunguo, chai ilikuwa imejaa pomoni na juu yake imeganda utando.

Usiku ule alilala na taa, huku akisema kwamba kesho ataomba uhamisho. Asubuhi alikata tiketi za watu, akacheka na shemeji yake, hakuomba kitu. Na jioni alipofika kwenye kile kimya cha katikati, alikaa mahali pake na kusubiri. Aliogopa, tena sana. Lakini nyumba ya wafanyakazi nyuma ya stesheni ilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja na kijiko kimoja kilichotumika, na hofu ile angalau ilikuwa na mtu ndani yake.

Mambo yaligeuka mwezi wa pili. Kwanza ilikuwa muuguzi. Aligonga ubao wa kidirisha kwa zile kucha zake fupi, na Mama Tiketi akamsukumia tiketi, lakini mikono ile haikuipokea. Ikagonga tena.

"Hakuna mtu humu?" muuguzi akauliza.

"Nipo, mwanangu. Chukua."

"Hayupo," muuguzi akamwambia mwenzake. "Tupande tu, tutamlipa gadi."

Mama Tiketi alidhani ni dharau. Siku iliyofuata seremala akafanya vilevile. Kisha ikaja jioni ya Alhamisi, aliyoikumbuka baadaye kwa kila kitu chake: alisimama ukingoni mwa jukwaa saa kumi na mbili na nusu, taa mkononi, bendera kwapani, kama kanuni inavyotaka, akaiona treni ikitokea kwenye kona na macho yake mawili ya njano, akainua taa, akaitikisa, akaitikisa tena akiona mwendo haupungui, akaita, akapunga bendera, akasogea mpaka vidole vya miguu vikapita ukingo, na upepo wa mabehewa ukamvua kilemba kichwani, na katika mlango wa behewa la mwisho akamwona shemeji yake amesimama, akimtazama yeye usoni kabisa, kwa macho ya mtu anayetazama ukuta.

Asubuhi gadi aliruka jukwaani bila utani.

"Shemeji, jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nimekupungia mpaka mkono ukauma."

"Usinifanyie hivyo. Dereva amepita kwa sababu jukwaa lilikuwa giza tupu. Na si jana tu. Juzi mkaguzi alishuka kwenye treni ya saa tano, amekaa hapa nusu saa anagonga kidirisha. Ameandika kwamba Stesheni ya Nne haina mtu."

"Nilimfungulia mlango. Nilimpa na kiti."

Gadi alisogea karibu. Akamshika mkono, akauachia haraka, akaupangusa wake kwenye suruali.

"Mbona baridi hivi? Shemeji, hii njia iko kwenye majaribio. Wakiona stesheni zimelala wanaifunga, na hawa watu wanarudi barabarani. Niambie ukweli, kuna nini?"

Akamwambia. Alianza kwa aibu, kama anayeungama mapenzi ya siri, akamaliza kwa kunong'ona. Gadi hakucheka. Treni ilipiga honi mara tatu kabla hajapanda.

Kesho yake mchana alikuja na bibi mmoja mfupi, mwenye mfuko wa vifungo na zipu alizouza mjini. Watu walimwita Fundi, na haikuwa kwa sababu ya vifungo. Hakubeba kitabu wala chetezo. Alizunguka chumba cha kusubiria, akakaa kwenye benchi pale palipokuwa pamefutwa vumbi ile siku ya tatu, akainuka upesi, akaja kukaa karibu na Mama Tiketi.

"Harufu hii imeanza lini?" akauliza.

"Harufu gani?"

Fundi akamgeukia gadi. "Amefika mbali."

"Ni jini?" gadi akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulitaka awe nani, mkaguzi?" Fundi alivuta pumzi. "Nyumba ikihamwa na watu huhamiwa na wasio watu. Miaka ishirini na sita hapa palikuwa kwake. Mmekuja mmepaka rangi, mmetundika saa, hakuna aliyebisha hodi. Lakini huyu hana hasira. Angekuwa na hasira kazi ingekuwa nyepesi, mwenye hasira unajua pa kumshika. Huyu ni mpweke. Amepata mwenzake, anamvuta kwake kidogokidogo, mpaka walio hai wasimwone tena."

Mama Tiketi aliinamisha kichwa. "Nifanye nini, bibi?"

"Jioni tatu. Aje, aulize, usimjibu, hata kwa kuguna. Akikuomba kitu usimpe, hata njiti ya kiberiti. Siku ya tatu atajua mlango umefungwa, atarudi vichakani alikotoka kabla ya reli. Ukimpa kitu, mimi usiniite."

"Na akija kwa sauti nyingine?"

"Atakuja kwa sauti nyingine," Fundi akasema, akakusanya vifungo vyake.

Gadi alikawia mlangoni. "Ningekaa nawe hizo jioni, shemeji. Ila treni haiendi bila gadi."

"Nenda," akamwambia. "Mimi si mtoto."

Jioni ya kwanza kokoto zililia kwa wakati wake. "Leo miguu vipi?" Mama Tiketi aliuma pindo la kilemba. Sauti iliuliza tena, kisha ikauliza kama anaumwa, kisha kama kuna neno baya imesema. Ilipoondoka, meno yake yalikuwa yameshikana mpaka yakauma.

Jioni ya pili haikuuliza kitu. Ilikaa nje ya kioo na kulia, kilio cha taratibu kisicho na kwikwi, na muda wote ule mkono ulilala kwenye ubao, umefunguka, ule mkono usio na mistari, ukingoja kushikwa. Mama Tiketi aliikalia mikono yake kama mtoto wa shule. Treni ilipokuja, gadi alimtazama kwa kukunja macho, kama anayemwona kwenye ukungu. "Nakuona nusu," akasema, na hakuwa akitania.

Jioni ya tatu hatua zilibadilika. Zilikuwa nzito, na mguu wa kushoto uliburura kidogo, kama ulivyoburura mguu wa fundi wa reli aliyeangukiwa na taruma la reli ujanani. Mama Tiketi alizitambua kabla hazijapanda jukwaani, na nywele za shingoni zikamsimama zote.

"Mke wangu," mumewe akasema nje ya kioo. "Huku giza limeingia mapema."

Hakujibu. Machozi yalimtoka yakateremka mpaka kwenye tiketi zilizokuwa mezani, na alisikia pumzi ya mumewe, ile pumzi yenye mkwaruzo ya miezi ya mwisho, ikigonga kioo na kurudi, ikigonga na kurudi, na harufu ya sandukuni ambayo kwa wiki nyingi hakuisikia tena sasa ilimjaa puani na kooni mpaka akahisi anaimeza, na saa ya ukutani ikaendelea kugonga kama kwamba kilichokuwa kikitokea ni jambo la kila siku, na akajua kwamba neno moja tu, "bee" moja tu, lingetosha, asingekuwa peke yake tena maisha yake yote na baada ya hapo.

Kisha sauti ikarudi kuwa ile ya kwanza, ya mwanamke, imechoka.

"Nimeelewa. Umefundishwa. Lakini vichakani sitaweza tena. Nilikuwa nimezoea kunyamaza, wewe umenizoesha kuongea." Mkono ukaja kwenye ubao. "Nikatie tiketi. Nitaondoka na treni, hutanisikia tena."

Honi ililia mbali, kwenye kona. Mama Tiketi alitazama ule mkono. Alikumbuka neno la Fundi, lakini akajiambia kwamba tiketi si zawadi, tiketi ni kazi yake, na anayetaka kuondoka mwache aondoke. Tena alimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Alichana tiketi moja ya kwenda mjini, akaisukuma chini ya kioo bila kusema neno. Ilichukuliwa kwa upole.

Alipotoka na taa, jukwaa lilikuwa tupu. Treni ilisimama. Mlango wa behewa la mwisho ulifunguka, gadi akawa amesimama hapo, na mara akasogea pembeni, ameegemea ubavu, kama mtu anayempisha abiria mwenye mzigo. Mwenyewe hakuonekana kujua kwamba amesogea.

"Shemeji!" akaita, uso umefunguka. "Leo nakuona mpaka chawa wa kwenye kilemba chako."

Alicheka, naye Mama Tiketi akacheka. Akainua taa ya kijani, treni ikaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, jukwaa lilikuwa tupu la kawaida, na hewa ilinuka majani tu.

Wiki ile mikono yote ilipokea tiketi zake. Muuguzi alimwambia, "Karibu tena, mama, tulidhani umehama." Mkaguzi alirudi, akapewa kiti, akakikalia. Jumapili Mama Tiketi alimpigia binti yake yeye mwenyewe, na binti aliposema ana haraka, akamwambia, "Zima jiko, mwanangu, uongee na mama yako," na waliongea muda mrefu. Fundi naye alipopita na vifungo vyake, alisogeza mdomo kwenye kidirisha.

"Alikwenda?"

"Alikwenda, bibi."

"Hukumpa kitu?"

"Sikumpa," Mama Tiketi akasema, na alishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka laini.

Ilimchukua siku kumi kugundua kwamba shemeji yake ameacha utani. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na alishuka jukwaani taratibu, mwisho wa abiria wote. Alipomchokoza alitabasamu kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Unaumwa?"

"Hapana, shemeji. Nalala vizuri siku hizi. Nina mtu wa kuongea naye."

Mama Tiketi alishika nguzo ya jukwaa. "Nani?"

"Mtu tu. Huja nikisharudi. Ananiuliza kama koo limekauka, kwa kupuliza filimbi kutwa." Akaigusa filimbi kifuani. "Tangu mama afariki, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Miaka yote aliyomjua, Mama Tiketi alikuwa amecheka naye. Alijua kwamba mkewe alimwacha, na hilo nalo walilitania. Hakuwahi kumwuliza anarudi kwa nani.

"Usimjibu," akanong'ona. "Sikiliza, huyo ni yule yule. Nilimkatia tiketi mimi."

"Najua," gadi akasema. "Ameniambia. Anakusalimu."

Akapuliza filimbi. Mama Tiketi aliona kifua kinajaa na mashavu yanavimba, lakini mlio aliousikia ulikuwa mwembamba, kama wa filimbi inayopulizwa stesheni nyingine. Kwenye dirisha la behewa seremala alikuwa akimwambia mwenzake kwamba treni siku hizi haina gadi, inaondoka yenyewe.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alifunga kidirisha, akapanda treni ya saa kumi na mbili na nusu. Alimtafuta shemeji yake behewa kwa behewa, hakumwona. Mjini alishuka akamngoja langoni bure, kisha akatembea mpaka kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya karakana, akahesabu milango, akagonga wa mwisho. Ulikuwa wazi.

Gadi alikuwa amekaa mezani. Chumba kilikuwa safi, na harufu ya sandukuni ilikuwa imekijaa. Mezani palikuwa na sahani mbili, zote zimepakuliwa. Mbele ya sahani ya pili palikuwa na kiti kitupu kilichovutwa nyuma kidogo.

"Shemeji," Mama Tiketi akasema, "nimekuja kula kwako."

Alinyanyua macho, akamtafuta mlangoni, kushoto, kulia, mpaka akampata. Alipoona anakwenda kukaa kwenye kile kiti akainua mkono haraka.

"Sogea kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Hapo pana mtu."

Mama Tiketi alisogea. Hakuondoka. Alichukua ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akaigeuza, akaiweka katikati ya shemeji yake na kile kiti, akaikalia. Akaushika mkono wa gadi, uliokuwa wa baridi kama chuma cha reli alfajiri, akaanza kumwuliza. Koo lake. Magoti yake. Siku ile mkewe alipoondoka, alisema nini, naye alikula nini usiku ule. Aliuliza na kuuliza, na gadi akawa anajibu nusunusu, akigeuza shingo upande wa pili kila mara. Chakula kilipoa. Taa za karakana zilizimwa moja moja. Na kila Mama Tiketi alipotua kidogo ili ameze mate, alisikia nyuma ya bega lake, kutoka kwenye kile kiti, mtu akivuta pumzi ili aseme.